Pingili Mbili za Leticia

Mchana ule kijiji chote cha Michenga kilikuwa kama kimesimama. Joto lilikuwa limelalia mashamba ya mpunga, yangeyange wametulia majini bila kutikisika, na barabara ya vumbi ilikuwa ikichezacheza kwa mbali mpaka ukiikazia macho unasinzia. Fundi Fulgensi naye alikuwa amesinzia, ila msimwambie kwamba nimesema mimi. Ameegemea nguzo ya kibanda chake cha pikipiki, spana mkononi, na usingizini anamsikia binti yake Leticia akizungusha gurudumu polepole kama alivyokuwa akifanya tangu mdogo: tik, tik, tik.

Akafumbua macho. Leticia alikuwa amesimama mbele yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba," akajibu, akingoja ndoto iishe. Haikuisha. Nyuma ya Leticia alikuwepo mkwewe, Ndaki, ameshikilia pikipiki yake ndefu ya porini, ile yenye tairi za meno makubwa, matope yameipanda hadi kwenye taa.

"Shikamoo Baba," Ndaki akasema, akiinama kidogo. "Cheni inalia. Leticia anasema hakuna wa kuigusa ila wewe."

"Marahaba. Iache hapo."

Ndaki akaenda zake dukani kutafuta dawa ya ng'ombe. Baba na binti wakabaki na pikipiki.

Miezi tisa walikuwa hawajaonana. Na kosa la nani? La Fulgensi mwenyewe, mdomo wake! Mwaka mmoja ng'ombe waliingia shambani kwake wakamaliza mpunga wote, na hawakuwa hata ng'ombe wa kina Ndaki, wafugaji wa ng'ambo ya bonde. Lakini siku ya harusi, mbele ya padri na ukoo mzima wa Wapogoro, mzee akasimama akatamka: "Nimetoa binti, sikutoa mguu. Mimi kwenye boma la ng'ombe sikanyagi." Watu wakacheka wakidhani utani. Haukuwa utani. Na mtu mzima akishatamka hadharani, anarudije nyuma?

Sasa masika yalikuwa mlangoni. Mvua zikianza, bonde linajaa, njia ya kwenda ng'ambo inafungwa mpaka Juni. Ndiyo maana, alipoinua pikipiki ile juu ya kreti gurudumu la nyuma likaning'inia, Fulgensi alikuwa anaomba moyoni cheni iwe imeoza kabisa. Iwe imeoza, walale hata siku mbili.

Akaibonyeza kwa kidole hapo katikati, upande wa chini. Imekaza. Imekaza vizuri, haichezi kuliko inavyotakiwa. Moyo ukamshuka.

"Hii haina neno," akasema, na sauti yake ikamsaliti.

Leticia alikuwa amechuchumaa pale pale alipozoea kuchuchumaa tangu ana miaka saba, kwenye kivuli cha pipa, kanga imefungwa kiunoni, akiangalia gurudumu linavyozunguka. Harufu ya petroli na ya pumba zinazoungua mashineni ikawafunika wote wawili. Kwa muda Fulgensi hakujua ni mwaka gani.

Kisha akaona alama za kukazia, pale kwenye ekseli. Gurudumu bado liko mbele kabisa, halijawahi kuvutwa nyuma. Cheni ya mwaka mzima, imepita matopeni na mchangani, iwe imekaza bila kuvutwa? Haiwezekani. Hapo mafundi wa kidole ndipo wanapodanganyika. Fulgensi akaenda nyuma ya sproketi kubwa, ile duara ya meno inayovutwa na cheni, akaishika cheni mahali inapogeukia, akaivuta kuelekea kwake. Ikatoka. Mwanga ukapenya, nusu ya jino ikaonekana.

Imekwisha! Akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi kama mtoto.

Akahesabu pingili, akigusa moja moja, gurudumu likizunguka taratibu, tik, tik, tik. Mbili zimepungua. Mtu amekata pingili akaunga upya, ili cheni iliyochoka ionekane imekaza. Akatafuta loki, kile kibanio kidogo kinachounganisha ncha mbili. Akaiona. Mdomo wake umeelekea nyuma, inavyotakiwa, na juu yake pamezungushwa waya mwembamba, mara mbili, ncha imekunjiwa ndani isimchane mtu.

Waya ule alikuwa anaufunga hivyo yeye peke yake. Na katika maisha yake alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu.

"Leticia. Nani amekata cheni hii?"

Leticia akafungua pindo la kanga. Ndani yake mlikuwa na pingili mbili, zimefutwa hadi zinang'aa. Akaziweka kwenye kiganja cha baba yake.

"Mimi, Baba."

"Una wazimu? Ikikatika katikati ya kivuko, ikajisokota kwenye gurudumu! Ungekufa, mwanangu! Ungemuua na mwenzako!" "Mimi nilikufundisha hivi?"

"Ilipoanza kulegea, Ndaki alitaka kwenda kununua mpya Ifakara. Angefunga mpya, mwaka mzima ungepita. Nikakata, ikakaza, akaridhika. Nikautunza ubovu wake mpaka ulie."

"Ili iweje?"

"Mama mkwe anasema mke mpya haendi kwao bila sababu. Na wewe ulisema huji." Machozi yakaanza kumtoka. "Nikatafuta sababu, Baba. Nilikukumbuka."

Fulgensi akakaa chini kwenye vumbi. Yakamrudia maneno yake ya siku ya harusi. Alikuwa ameona aibu, na aibu ile alistahili.

Akainuka, akatoa kwenye sanduku cheni mpya na sproketi zake, zilizofungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Hakusema maneno ya kulala siku mbili. Walifunga pamoja, yeye akinyoosha mkono bila kutazama, Leticia akimpa kila chombo kabla hajakitaja. Jua lilikuwa limeanza kulegea Ndaki aliporudi.

"Tayari," Fulgensi akasema. "Lakini cheni mpya hulegea. Baada ya wiki mbili lazima ikaguliwe."

"Hamna shida, Baba, nitaikagua."

"Wewe? Wewe wa kubonyeza kidole! Cheni hiyo imekudanganya miezi mingapi?"

Ndaki akacheka, akainamisha kichwa. "Basi tutaileta kwako."

"Wiki mbili maji yatakuwa yameshajaa," Leticia akasema polepole, akiangalia bondeni. "Pikipiki haitapita."

Fulgensi alikuwa anazigeuzageuza zile pingili mbili kiganjani. Akazitia mfukoni mwa shati.

"Basi nitakuja mimi, kwa mtumbwi," akasema.

Ndaki akamtazama mkewe, kisha akamtazama mzee. "Baba... utakuja bomani?"

"Kwani cheni itakuwa wapi?" Fulgensi akamkaripia, na tayari alikuwa amegeuka kutafuta spana za kubeba.