Msuko wa Nusu Kichwa

Kila alasiri Mama Gemu alifungua chumba chake cha gemu, akapanga mabenchi, akapangusa vioo vya televisheni kwa kitambaa kikavu na padi za kuchezea kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mlangoni aliweka ndoo na kipande cha sabuni. Asiyenawa hachezi, hata awe mtoto wa nani, na hilo halikuwa na mjadala.

Siku hiyo Chiriku aliingia na mkoba wa shule mgongoni, akanawa, akaenda kuketi benchi la mwisho, mbele ya televisheni ndogo iliyokuwa na mstari wa kijani pembeni. Alikuwa mtoto wa dada yake Mama Gemu. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kufunga, ila akivaa zile hedifoni zenye maiki alitulia kama maji mtungini. Jua lilipoanza kushuka aliinuka, na upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umesukwa, mistari minne iliyonyooka hadi kisogoni. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama vilevile alivyoamka nazo.

"Leo tena hakumaliza?" Mama Gemu akauliza.

"Ameitwa."

"Haya, njoo nikufunge kitambaa. Watu wasidhani huna wenyewe."

Mama yake Chiriku alikuwa ameondoka kwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani. Siku ya kwanza tu, kabla hajaoneshwa pa kulala, mwenye nyumba alichukua pasi yake ya kusafiria na simu yake, akazifungia kwenye droo. Kwa muda mrefu nyumbani hawakusikia lolote. Wakala aliyempeleka alikuwa akisema kwamba kukosa habari ni habari njema, naye alikuwa na kiti kizuri cha kuzunguka cha kusemea maneno hayo.

Kilichomkutanisha mama na mwanawe ni uvivu wa mtoto wa tajiri. Mtoto huyo alikuwa na mashine ya gemu sebuleni, na humo ndani alikuwa na kijumba na bustani. Haukuwa mchezo wa mpira wala wa bunduki. Ulikuwa mchezo wa kukaa tu: mtu anajenga, anapanda maua, anatembelewa na watu wa mbali, kila mmoja amejivika sura aipendayo, huyu sungura, yule mzee mwenye ndevu za kijani. Maua yasipomwagiliwa yalinyauka. Mtoto wa tajiri alikuwa na shule na masomo ya ziada, basi akamwonesha mfanyakazi namna ya kushika padi, akamwamuru amfagilie na kummwagilia. Kwa hiyo hata humo alikuwa kibarua. Alivaa sura aliyopewa, ya dubu mwenye koti la njano la mvua.

Akishamaliza bustani ya bwana mdogo, na mama mwenye nyumba akiwa bado amelala usingizi wa mchana, dubu alitoka kutembea. Aliingia nyumba za watu akiangalia. Siku moja aliingia kijumba cha Chiriku, na kabla ya kubisha hodi sawasawa akaanza kuosha vyombo. Kisha akakunja nguo zilizokuwa juu ya kitanda, mikono ya shati imeingizwa ndani kwanza. Chiriku akatazama ile mikono ya shati.

"Mama," akasema kwenye maiki.

"Umekula?" dubu akanong'ona.

Toka hapo alikuja kila alipopata upenyo. Alimketisha Chiriku kwenye kigoda, akamchambua nywele, akamsuka, na alichosuka kule kilibaki kichwani huku. Ulikuwa ule msuko wa haraka wanaouita twende kilioni, maana muda wa kurembesha haukuwepo. Kila mara kengele ililia chumbani kwa mama mwenye nyumba, dubu akaacha kitana palepale. Mtaa mzima ulizoea. Wanawake waliokuja kununua vocha kwa Mama Gemu walikishika kichwa cha mtoto, wakasema mkono wa mama yake bado mwepesi, na kwamba nusu shari kuliko shari kamili.

Mwalimu wa darasa hakuzoea. Alikuwa mwanamke mwenye viatu vilivyoliwa visigino na sauti ya kusikika darasa la tatu kutoka hapo alipo. Alikuja mwenyewe chumba cha gemu, akasimama kando ya ndoo.

"Mama Gemu, mtoto anakuja shuleni nusu kichwa. Kanuni inasema nywele ziwe nadhifu."

"Mama yake huitwa kabla hajamaliza, Mwalimu."

"Hilo Chiriku ameshanieleza. Mimi nauliza jambo jingine. Mnawakalisha watoto mbele ya vioo, wanafuga maua yasiyonuka na kutembelea watu wasio watu. Ile dunia ina faida gani?"

Mama Gemu akakamua kitambaa. Alikuwa mtu wa majibu ya papo kwa papo, lakini hili alilifikiria.

"Faida siijui," akasema. "Najua nywele zinasukwa."

"Mama anayelea kwa mbali halei. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Kweli. Lakini na nyoka naye yuko huko huko mbali."

Mwalimu akatazama televisheni ya benchi la mwisho, akaaga. Kuanzia siku iliyofuata alimruhusu Chiriku kuvaa kitambaa darasani.

Nyoka alionekana kwenye mkono wa dubu. Ulikuwa mchezo usio na majeraha. Mtu akianguka kutoka juu ya nyumba alidunda kama mpira akaendelea na safari. Lakini juu ya kiganja cha dubu palikuwa na alama ya kuungua, pana huku na yenye ncha kule, umbo la pasi ya nguo. Kitana kilimponyoka mara mbili siku hiyo. Chiriku aliuliza, akaambiwa ni kitu kidogo. Wiki hiyo mistari ilikwenda upande.

Mama Gemu akakodi mkokoteni. Akapakia televisheni yenye mstari wa kijani na mashine yake, akazifunga kwa kamba, akasukuma hadi ofisi ya wakala. Aliomba soketi. Wakala alimpa, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu zake. Picha ilipotulia dubu alikuwa bustanini na kopo la maji.

"Tazama mkono," Mama Gemu akasema.

Wakala akasogeza kiti. "Dada, huyu ni dubu."

"Ni dada yangu."

"Sikatai. Lakini mimi sikupeleka dubu. Nilipeleka mwanamke, na mkataba ni wa mwanamke. Nikipokea malalamiko ya dubu, kesho wataniletea ya sungura." Akatazama tena, kwa umakini wa kweli kabisa. "Halafu mbona anafanya kazi vizuri tu?"

Mama Gemu akafunga kamba zake, akasukuma mkokoteni kurudi. Barabara ilikuwa ya kupanda. Alikuwa na hasira iliyomwishia miguuni, na alipofika nyumbani akampikia mtoto.

Mama huko mbali aliendelea kumwahidi binti yake jambo moja. Hakusema atarudi lini, kwa sababu droo hakuwa na ufunguo wake. Alisema, "Ipo siku nitakusuka kichwa kizima." Chiriku aliitangaza ahadi hiyo shuleni, dukani na kwa mtu yeyote aliyesimama kwa bahati mbaya karibu naye.

Siku ikaja. Ilikuwa siku ya kawaida, kuna watoto wawili waliokuwa wakigombea padi yenye kitufe kizima. Chiriku akainuka kutoka benchi la mwisho, akavua hedifoni, akapiga ukelele.

"Mama mdogo! Leo hakuitwa!"

Mama Gemu akageuka na kitambaa cha sabuni mkononi. Haikuwa twende kilioni. Ilikuwa mistari myembamba kama uzi, imezunguka kutoka masikioni hadi utosini, imepandana, imeachana, imekutana tena. Hata vinywele vya kisogoni, vile ambavyo msusi huvisamehe, vilikuwa vimeshikwa. Ncha zote zilikuwa zimefungwa. Kazi ya namna ile inataka mchana kutwa wa mtu asiyetakiwa na yeyote.

Akapitisha vidole juu ya mistari hiyo, akakaa kwenye benchi, akalia. Hakulia kwa kujificha. Watoto waliokuwa wakigombea padi wakaiachia.

"Mama mdogo, kwani vibaya?"

"Vizuri, mwanangu. Vizuri mno."

Alipowatoa watoto wote nje, alivaa hedifoni yeye mwenyewe. Dubu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kijumba, mikono juu ya magoti.

"Dada," Mama Gemu akasema.

"Mdogo wangu." Alisema kwa sauti yake kamili. Tangu aingie mle hakuwahi kusema ila kwa kunong'ona.

"Mkono?"

"Hauumi tena."

"Wamekulaza wapi?"

"Sijui. Hawakuniambia." Akafikiri kidogo. "Nilikuwa jikoni, nimeegemea ukuta. Niliwaambia kifua kinanibana, wakasema nimalize kwanza vyombo. Halafu nikawa hapa, na maua hayajamwagiliwa. Nimeyaacha hivyo hivyo. Nikaona leo nimsuke mtoto."

Mama Gemu alikwenda tena kwa wakala, mara hii bila mkokoteni. Wakala alikuwa na taarifa tayari. Mwenye nyumba alikuwa amepiga simu kusema mfanyakazi ametoroka na hajulikani alipo.

"Hakutoroka," Mama Gemu akasema. "Amekufa jikoni kwao, na sasa yuko kwangu, benchi la mwisho."

Wakala akazunguka na kiti nusu duara, akarudi.

"Yuko kwako?"

"Yuko."

"Mnaongea naye?"

"Kila siku."

"Basi, dada yangu, hapo hakuna kesi. Mtu amerudi kwao." Akapiga mhuri kwenye faili akaliweka pembeni, na usoni alionyesha furaha ya kweli, kwani si mara zote mambo yalimnyookea hivyo. Mama Gemu aliulizia mwili. Akaambiwa kwamba mwili na mtu hawadaiwi kwa pamoja, achague kimoja. Alizunguka ofisi nyingine zenye viti vibaya zaidi, akapata jibu lile lile kwa maneno marefu.

Chiriku hakuambiwa kitu. Aliacha tu kuuliza mama atarudi lini. Kila alasiri alinawa, akaketi, na kila alipoinuka kichwa kilikuwa kizima. Alikuwa mtoto aliyesukwa vizuri kuliko wote shuleni. Kuna siku alirudi nyumbani akajifungia kitambaa mwenyewe, upande mmoja tu, kama zamani, akakaa nacho hadi wakati wa kulala. Mama Gemu alimwona, akaendelea kukunja nguo. Alimkumbuka dada yake kwa namna ya kuuma, ingawa alikuwa ameagana naye muda si mrefu uliopita.

Mwalimu akarudi. Alikuja kabla watoto hawajatoka shule, akanawa bila kuambiwa, akaketi.

"Nimekuja kujifunza kushika hicho kidude," akasema.

"Mwalimu wangu, na ile faida?"

"Usinitanie leo." Akatazama viatu vyake. "Nimetia saini. Naondoka mwisho wa mwezi. Mshahara unaishia njiani, nawe unajua, nina mabinti wawili na nyumba ni ya kupanga."

"Usiende."

"Ningekuwa na pa kutokwenda, nisingekwenda. Wakala anasema ni nyumba ya watu wema. Wana mtoto mmoja tu, anapenda michezo, anahitaji mtu wa kumwangalizia bustani yake."

Mama Gemu aliwasha televisheni yenye mstari wa kijani, akachukua hedifoni, akavaa upande mmoja, upande wa pili akamwekea Mwalimu, mashavu yao yakakaribiana. Dubu alikuwa akianika nguo. Mama Gemu akamweleza. Dubu akaning'iniza shati la mwisho, akauliza nyumba ni ya upande gani wa barabara, na lango ni la rangi gani. Mwalimu akajibu kama alivyoelezwa na wakala.

"Ndiyo yenyewe," dubu akasema. "Basi Mwalimu, pasi ya pale inawahi kupata moto. Usiigeuzie mgongo mama mwenye nyumba akiwa ameishika. Na ule usingizi wake wa mchana ni mzito mwanzoni tu."

"Nashukuru," Mwalimu akasema.

"Mtoto wa watu nilimwachia maua yakanyauka. Mwambie haikuwa kusudi."

Kisha somo likaanza. Mama Gemu akamshika Mwalimu kidole gumba, akakiweka panapostahili, akamwonesha kitufe cha kutembea, cha kuinama, cha kushika kitana. Mkono wa Mwalimu ulikuwa na vumbi la chaki kwenye mikunjo hata baada ya kunawa. Alikuwa mwanafunzi mzito. Alirudia kosa lile lile, akajigombeza kwa sauti ile ile aliyowagombezea watoto, akarudia tena mpaka akaweza kuvuta mstari mmoja juu ya kigoda kitupu, kana kwamba pana kichwa.

"Mabinti zangu wana nywele nyingi," akasema. "Nadhani nikijitahidi nitakuwa nawamalizia mmoja kwa siku."

"Hapana," Mama Gemu akasema, akamshika mkono, padi na vyote. "Suka kidogo kidogo. Hata mama mwenye nyumba akichelewa kuamka, hata watoto wakikulilia, acha upande mmoja. Usimalize kichwa, Mwalimu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama alivyozoea darasani mtoto akipata jibu. Nje watoto walikuwa wameanza kufika, wakisukumana kwenye ndoo, na Chiriku alikuwa akiwapigia kelele wapange foleni.

"Nioneshe tena," Mwalimu akasema, "pale pa kuachia."