Mfalme Juu ya Ree

Kwanza nieleweke: karata mimi sikufundishwa na Mwalimu Miao wa briji. Yeye alipokuwa bado anapima mashimo ya makaa, mimi nilikuwa nawatoa wakwe zangu jasho kwenye Kupanda Daraja, mchezo unaochezwa kila nyumba hapa Datong, kaskazini mwa China. Na mchezo ule una adabu yake. Mfalme, karata ya kumi, na ile ya tano zina pointi. Mwenzako akitupa ree, karata kubwa kuliko zote, wewe unamlisha: unamrushia mfalme wako au kumi yako, ale ashibe. Asiyelisha tunamwita bahili.

Sasa njoo kwenye briji. Karata hazina pointi hata kidogo. Kinachohesabiwa ni mizunguko mliyokula wewe na mwenzako, basi: wanne mnatupa karata moja moja, kubwa inakula. Mfalme uliyemrusha juu ya ree ya mwenzako amekufa bure, wakati baadaye angekula mzunguko wake mwenyewe. Kichwa changu kililielewa hilo siku ya kwanza. Mkono haukulielewa majira yote ya baridi.

"Mama," Wenxia alikuwa akiniambia, "mfalme si peremende ya harusi. Usigawe."

"Ulikuwa unakula, nikakulisha."

"Nimeshiba, mama. Nimeshiba mpaka hapa."

Wenxia ni mke wa mwanangu. Mwanangu anaendesha winchi bandarini huko kusini, anarudi Mwaka Mpya na kuondoka tena, na sisi wawili tunalea mtoto. Nyumbani maneno yetu ni machache: siki imekwisha, mtoto anakohoa, bomba la joto limepoa. Hatugombani. Hatuna la kuambiana tu. Lakini Jumamosi, kwenye ukumbi wa wastaafu, anakaa mbele yangu mchana kutwa, ananitazama usoni, ananitania, anacheka mpaka anafunika mdomo. Tukirudi tunabishana juu ya karata njia nzima hadi mlangoni. Nampenda yule msichana, na sikujua kama nampenda mpaka nilipowekwa mbele yake na karata kumi na tatu mkononi.

Ndiyo maana Mwalimu Miao aliponitisha, roho ilinipasuka.

"Bi Hao," alisema mbele ya watu, "nimechoka. Kwenye mechi na timu ya wastaafu wa reli, ukitupa mfalme ovyo hata mara moja, Wenxia atakaa na Bwana Lei, na wewe utachemsha chai."

"Chai yangu hamtainywa," nikamjibu.

Mechi ilikuwa ya wanne kwa wanne. Mimi na Wenxia tulikaa chumba kimoja, wenzetu Bwana Dou na Bwana Lei wakakaa chumba cha pili. Karata zile zile tulizocheza sisi zilipelekwa kwao kwenye vibao, trei ndogo zenye mifuko minne ya karata, ila wao walikalia viti vya wapinzani wetu. Huwezi kusingizia karata mbaya hapo. Ulizozipata wewe, kuna mtu wa reli atazipata vilevile, kisha mtalinganishwa.

Nilicheza kwa kubana. Kila Wenxia alipokula, nilimpa karata ndogo kabisa, ya mbili au ya tatu, na moyo uliniuma kama ninayemnyima chakula mgeni. Yeye aliniangalia kwa furaha, akawa anatikisa kichwa polepole: hivyo hivyo, mama.

Kikaja kibao cha mwisho. Wapinzani wetu, mzee wa reli na mwenzake, waliahidi kula mizunguko tisa kati ya kumi na tatu, bila turufu. Sisi tukila mitano, wamekwisha. Wenxia akaanza kwa ree ya kopa, na mwenzake wa yule mzee akalaza karata zake zote wazi mezani, kama sheria ya briji inavyotaka. Mimi nilikuwa na kopa mbili tu: mfalme na nne.

Mkono wenyewe ukamshika mfalme. Niliuona ukifanya hivyo, nikaurudisha chini kwa nguvu.

Kisha nikahesabu, kama tulivyofundishwa. Bila turufu, mtu huanza na aina aliyo nayo nyingi. Kwa hiyo Wenxia ana kopa tele. Mimi nikitoa nne sasa, kopa ya pili nitakula mimi na mfalme wangu. Vizuri. Halafu? Halafu sina kopa nyingine ya kumrudishia, na karata kubwa za aina zilizobaki nazijua, ziko mezani au kwa yule mzee wa reli. Wenxia hatapata tena njia ya kushika mchezo, na kopa zake zitaozea mkononi. Mfalme wangu ndiye aliyekuwa ameziba mlango.

Nikamrusha juu ya ree.

Wenxia akafumba macho. Haruhusiwi kusema neno, lakini uso wake ulisema yote.

"Asante, bibi," akasema mzee wa reli.

Wenxia alipofumbua macho akatoa malkia wa kopa. Akala. Akatoa ghulamu, akala. Kumi, akala. Alipofika kwenye kopa yake ya mwisho alikuwa haangalii karata tena, ananiangalia mimi. Mizunguko mitano, na ahadi ya watu wa reli ikaanguka.

Tulipolinganisha, chumba cha pili bibi mmoja wa reli alikuwa amemtunza mfalme yule yule kwa uaminifu wote. Alikula naye mzunguko mmoja, akakwama, na Bwana Dou akajizolea mizunguko yake tisa. Kwa kibao hicho tukashinda mechi.

"Wenxia, hiyo ree uliitoa kwa pupa, mama yako ndiye aliyekuokoa," akasema Mwalimu Miao. Akanigeukia. "Bi Hao, niambie ukweli. Ulikuwa mkono au kichwa?"

"Kichwa. Mkono ulitaka hivyo hivyo, lakini niliukataza kwanza, nikahesabu, ndipo nikauruhusu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi umekuwa mchezaji. Kuanzia Jumamosi ijayo utakaa na Bwana Dou, meza ya kwanza. Wenxia atacheza na Bwana Lei."

Mimi niliyebana wafalme mchana kutwa ili nisihamishwe!

"Kubali, mama," Wenxia akasema. "Bwana Dou ndiye mchezaji hasa. Kwangu utajifunza nini?" Alikuwa anakaza kifuniko cha chupa ya chai, na kifuniko kilikuwa kimeshafungwa.

"Mwalimu," nikasema, "mimi huja hapa ili nikae na msichana huyu. Ukinihamisha nitabaki nyumbani, na nyumbani hatuongei."

Bwana Dou akakohoa, akasema hajawahi kukataliwa na mwanamke hadharani namna ile.

Wenxia alichukua koti langu kwenye kiti, akanivisha, akaanza kunifunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka kile cha shingoni, kama anavyomfunga mwanawe asubuhi za baridi. Kile cha shingoni hunikaba. Nikamwacha afunge.