Mzinga Mzito

Mfuga nyuki aliamini uzito. Mzinga aliunyanyua kidogo kwa nyuma. Ukiwa mzito, mambo safi, hakuna haja ya kuufungua na kuwasumbua nyuki wenyewe. Mwili wake nao aliupima vivyo hivyo. Kilo sabini na nne, mwezi nenda mwezi rudi! Ndiyo maana miezi minane iliyopita aliacha dawa za kufubaza virusi, kimyakimya, chupa akazificha kwenye mzinga mtupu nyuma ya nyumba. Hakumwambia mkewe. Ya nini kumtia presha mama watoto?

Leo alikuja kliniki kwa ajili ya kikohozi tu. Daktari, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alimgeuzia karatasi ya majibu.

"Baba, CD4 zako, yaani seli za kinga, mwaka jana zilikuwa mia sita na kumi. Leo ni sitini na mbili."

"Mashine yenu mbovu hiyo. Mimi nina kilo sabini na nne!"

"Tumerudia mara mbili, baba."

Aliivuta karatasi karibu. "Yaani virusi vimezila zote hizo?"

"Nyingi hazikuliwa. Kirusi kinaingia kwenye seli, kinashindwa hata kuzaana. Lakini seli ikigundua vipande vyake ndani, inajiua. Inapasuka. Na ikipasuka inamwaga kemikali zinazoita seli nyingine. Zinakuja kusaidia, nazo zinaingiliwa, nazo zinapasuka."

Mfuga nyuki alikodoa macho. Nyuki akichoma, mwiba unabaki, yeye anakufa. Harufu ya mwiba inaita wengine, nao wanachoma, nao wanakufa. Mara ngapi amezoa maiti zao kwa viganja? Kumbe miezi yote minane walikuwa wanakufa hivyo ndani ya ngozi yake, na yeye anapanda mzani anachekelea. Mzinga unaweza kuwa mzito kwa asali na nyuki wamebaki wa kuhesabika. Mfuga nyuki gani asiyejua hilo? Alijiona mjinga wa kutupwa.

"Dawa zitazuia?"

"Zitazuia, ukianza tena na tukatibu hicho kikohozi. CD4 zitapanda polepole." Daktari alifunua faili. "Mama hapa ameandikwa hana virusi. Bado mnatumia kondomu?"

Mwaka jana, virusi vilipokuwa havionekani tena kwenye damu yake, walishangilia wote wawili, kondomu wakaziweka kando. Yeye mwenyewe ndiye aliyeahidi: mimi nikimeza dawa, wewe uko salama.

Aliinuka, akafungua mlango. Mkewe alikuwa kwenye benchi, pochi mapajani.

"Haya, Bwana Sabini na Nne," alimtania, "wamesemaje?"

Mfuga nyuki alishika mlango ukabaki wazi.

"Mama watoto, niliacha dawa. Ingia upimwe."

Mkewe aliendelea kutabasamu kidogo, kama hajasikia vizuri. Kisha akauliza, "Tangu lini?"