Kichwa Chenye Kofia ya Kijani

Kila baridi ikiisha, sisi wa kibanda cha kuangalia bahari, kijijini Polvarrow, tunatupa kabichi baharini. Msicheke. Kabichi ikielea inafanana kabisa na kichwa cha mtu, na kazi yetu sisi tunaojitolea, pale juu ya mwamba, ni kuangalia vichwa. Boti inaidondosha mbali, tunapokezana darubini, na sheria ni moja: ukishaiona, usiiachie. Anayeipoteza anawanunulia wenzake pai za nyama na viazi. Mimi nimenunua pai mpaka mwenye duka la mikate ananiuliza watoto hawajambo.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba, nilipoingia zamu na Bi Loveday Hosken, alinipokea kwa heshima zake za kawaida.

"Denzil, umekuja kuangalia bahari au kunywa chai?"

"Chai ndiyo inayonifungua macho, Bi Loveday."

"Kwa chai unayokunywa wewe, ungekuwa unaona mpaka Amerika."

Chini yetu waogeleaji wa asubuhi walikuwa wameshaingia majini. Ni wastaafu watupu, wanajigandisha kwenye maji ya baridi halafu wanaita afya. Jory, mumewe Bi Loveday, yumo. Alikuwa fundi wa mapaa, na goti lake moja ni la bandia. Daktari alimwambia aogelee polepole. Yeye akasikia aogelee.

Kila mmoja wao huvuta boya la rangi ya chungwa lililofungwa kiunoni, ili tumwone. Nikaona boya moja linakimbia na upepo kuelekea jiwe tunaloliita Ng'ombe. Lilikuwa jepesi mno, linaruka ruka. Boya lenye mtu halikimbii hivyo. Nikaliacha, nikarudisha darubini kule lilikotoka. Pale kati ya mafungu mawili ya mchanga, ambapo maji yakipwa hutoka kwa nguvu kama mto, kulikuwa na kichwa. Kinaenda nje.

"Mtu! Mkondo umemchukua!" Mkono wangu ukanyooka wenyewe kumwonyesha. "Ninaye!"

Kwetu ukishasema ninaye, kazi yako ni jicho tu. Mengine yote ni ya mwenzako. Bi Loveday alikuwa ameshashika redio, mgongo kwa dirisha, maana redio iko ukuta wa nyuma.

"Waokoaji wanauliza yukoje," akasema.

Nikakaza darubini, nikaiona kofia.

"Denzil, nakuuliza. Yukoje?"

"Mwanaume. Kofia ya sufu. Ya kijani."

Kofia ile Bi Loveday alimfumia Jory kwa mkono wake. Ni mbaya kiasi kwamba Polvarrow nzima hakuna mwingine angekubali kuivaa.

Nilitamani kugeuka nimwone uso. Sikugeuka. Nikasikia sauti yake, shwari kama ya mtu anayesoma bei ya samaki: "Mwanaume, miaka sabini na moja, kofia ya kijani. Goti la kulia ni la bandia, hatapiga mateke muda mrefu. Leteni boti haraka."

Macho yalinitoka machozi, pua ikaniwasha, na chai yote niliyokunywa ikaanza kudai njia. Nikasema na idai.

"Bi Loveday, kama unataka kushuka ufukweni..."

"Nikafanye nini, nimpigie kelele? Nimempigia miaka arobaini hajasikia. Angalia kichwa."

Boti ya uokoaji ikatokeza nyuma ya gati, watu watatu ndani, usukani ameshika Tegen, binti wa muuza kaa. Ikaja mbio, vizuri kabisa, ikaenda moja kwa moja kwenye boya.

"Hapa hakuna mtu," Tegen akasema redioni. "Tunaanza kutafuta kuzunguka Ng'ombe."

"Siyo huko!" nikapiga kelele. "Upepo umechukua boya, mkondo umemchukua yeye. Ageuze, aliache Ng'ombe mgongoni, atoke nje!"

Bi Loveday akayarudia redioni. Tegen akauliza:

"Kwenye darubini yuko nani? Asiwe Denzil. Denzil wa kabichi?"

"Ndiye."

"Mama, huku nje sioni kitu. Nikienda huko na amekosea..."

"Binti yangu, yule ni mume wangu, na Denzil anamwona. Nenda anakokwambia."

Na sekunde ileile wimbi likamfunika.

Kijani kikapotea. Hapo ndipo kila mwaka nilipokuwa naipoteza kabichi: nahangaisha darubini kushoto, kulia, juu, najimaliza mwenyewe. Safari hii nikakaa palepale. Nikashika kipande cha povu kilichokuwa karibu naye, nikaenda nacho taratibu, kwa mwendo wa mkondo. Sikupepesa.

Kichwa kikaibuka. Kitupu, kofia imekwenda, upara unang'aa kama sufuria.

"Ninaye! Mbele ya boti, kidogo kulia. Kidogo tena. Punguza moto, punguza!"

Nikaona mikono imenyooshwa, imeshika mabega, imevuta. Miguu miwili ikapita ukingoni, mmoja umekakamaa.

"Tumempata," Tegen akasema, anahema. "Yuko baridi sana lakini anatutukana."

"Basi ni mwenyewe," Bi Loveday akajibu.

Mimi bado nilikuwa nimeganda, jicho kwenye kioo, mkono umenyooka. Akaja, akaushika, akaushusha kama mtu anayefunga dirisha lenye kutu.

"Sasa pepesa, mwanangu."

Nikapepesa. Dunia yote ilikuwa maji.

"Nimemwita Pascoe, mwenzetu wa zamu ya mchana, anakuja kukusaidia," akasema, anachukua koti msumarini. "Kaa na redio. Mimi nashuka nikamuue."

Akatoka, mlango ukapigwa na upepo. Nilimwona dirishani anateremka ngazi za mwamba kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake, amevaa koti langu, linamfika vifundoni.