Kabla ya Kusema Amina

Niliposikia friji inafungwa, nikaenda kutazama. Mwanangu Kendrell alikuwa ameweka funguo za gari pale penye siagi, kisha akaketi kula. Nilizitoa, nikazifuta, nikazitundika mahali pake. Jumapili iliyopita aligongwa, helmeti kwa helmeti, akainuka akakimbilia benchi la wapinzani. Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikucheka.

Kazi yake, katika futiboli ya Kimarekani, ni kukabidhiwa mpira na kupenya nao katikati ya wanaume wanaolipwa wamwangushe. Ameifanya tangu utoto, hapa hapa Louisiana, marehemu baba yake akimsubiri mstarini na chupa ya maji. Hajafika miaka thelathini, lakini kwa mkimbiza mpira huo ni uzee. Magoti yake yote mawili yameshapasuliwa na kushonwa.

Jumatano nilimwendesha mwenyewe kwa daktari wa timu. Dokta Whitlock akamtajia maneno: tufaha, zulia, farasi, kengele, mto. Wakaongea habari za mvua kidogo, kisha akamwambia ayarudie.

"Farasi," Kendrell akasema. Akatazama dari. "Farasi na..."

Nikamshukuru Bwana kimoyomoyo. Sasa watamwona, watampumzisha.

Daktari akaangalia kompyuta, akatabasamu. "Uko vilevile kama nilipokupima kambini kabla ya msimu. Jumapili unacheza."

Ndani ya gari nikamuuliza, "Kambini ulikuwa mzima. Ilikuwaje ukakumbuka neno moja?"

"Mama, wote tunafanya hivyo. Ukiingia tu timu, wakongwe wanakwambia: ukipimwa kichwa ukiwa mzima, jifanye bwege. Ukija kugongwa, hawaoni tofauti, hawakutoi."

"Na leo ulijifanya?"

Akageukia dirishani. "Leo sikujifanya."

"Basi turudi ukamwambie."

"Nikawachome wenzangu? Wote watapimwa upya. Biskuti ana watoto, Mama."

Biskuti ndiye lile jitu linalomfungulia njia uwanjani. Ijumaa alikuja kula gambo, ule mchuzi wetu mzito wa bamia na kamba.

"Mama Odessa, kwa gambo hili mimi nahamia hapa."

"Ukihamia wewe, sisi itabidi tuhame. Mwanangu haponi, Biskuti."

"Usiogope, Mama. Mimi niko mbele yake. Hawamgusi."

"Jumapili iliyopita ulikuwa wapi?"

Akaweka kijiko chini. Hakuomba sahani ya pili.

Jumapili asubuhi nikaenda hotelini timu inakolala kabla ya mechi, na chupa yangu ya mafuta ya zeituni mkobani. Tangu mdogo, Kendrell hachezi kabla sijampaka mafuta na kumwombea, na akishapiga magoti hainuki mpaka niseme amina. Njia nzima nilikuwa nalipima jambo hilo. Nisipoomba, ataingia bila kinga. Nikiomba, ni mimi ninayemtuma.

Akapiga magoti, uso umekunjamana kwa maumivu. Nikampaka, nikaweka mkono kichwani pake, nikaanza. Nikawaombea wagonjwa wa kanisani, wajane, mchungaji na mkewe, wafungwa, wanaosafiri. Nje basi likawashwa.

Biskuti akachungulia mlangoni. "Oya, mzee wa kanisa, basi linaondoka! Mama, leo unaomba Biblia nzima?"

Nikaendelea. Nikawaombea watoto wa Biskuti, mmoja mmoja kwa jina. Akavua kofia.

"Mama," Kendrell akanong'ona, "sema amina."

"Nikisema, unakwenda wapi?"

Mkono wangu ni wa mwanamke mzee. Angeweza kuuondoa kama anavyofukuza nzi. Hakuuondoa. Basi likapiga honi, likapiga tena, kisha nikasikia magurudumu yake yakigeuka kwenye kokoto. Kichwa chake kikanilemea kiganjani, kizito, kama zamani alipokuwa akisinzia ibadani.

"Biskuti," akasema bila kuinua uso. "Whitlock bado yuko chini?"

"Yuko. Anakunywa kahawa, anangoja basi la pili."

"Kamwite."

"Kaka, unajua unachofanya? Nimwambie nini?"

"Mwambie aje na maneno yake. Nitamwambia nilivyokuwa nikiyajibu."

Biskuti alisimama pale mlangoni, akaujaza wote, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya mpira. Nikafumba macho nisimwone. Halafu nikasikia hatua zake nzito zikishuka ngazi.

Sikusema amina. Nilikaa vivyo hivyo, mkono kichwani pa mwanangu, mpaka niliposikia watu wawili wakipanda.