Mto Uliopigwa Pasi

Saa saba mchana, baada ya asubuhi iliyomtoa jasho la bure, Sikudhani alilaza kichwa kando ya mfereji wa maji wa maabara, usingizi ukampitia. Alikuwa na haki ya kuchoka, maskini. Saa tisa alitakiwa mbele ya Dkt. Lyatuu, aliyewafundisha wanafunzi wa uzamili somo la misukosuko ya maji, aeleze kwa nini hesabu zake zinasema tone la wino litachukua saa nzima kufika sakafuni mwa mfereji, ilhali macho yake yaliliona likifika kufumba na kufumbua. Akishindwa, anaondolewa darasani. Na data alikuwa amezisafisha vizuri sana: kila namba iliyorukaruka ameitupa, akabakiza wastani.

Ndotoni alijikuta katika nchi tulivu mno, ambako Bwana Wastani, shati jeupe lisilo na kunyanzi, alikuwa anaupiga mto pasi ya mkaa. Kiwimbi kikiinua kichwa tu, pasi juu yake. Mto uling'aa, lakini samaki walikuja juu wakitweta, maana hewa haikushuka tena chini.

"Shikamoo, baba. Mbona samaki wanakufa?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijaiba kitu. Kila kinachopanda kina chake kinachoshuka. Jumlisha, utapata sifuri."

Sikudhani akaitikia kwa kichwa, kwani hesabu hiyo aliijua.

"Usikubali upesi hivyo," alisema mama mmoja mwenye kanga iliyolowa hadi magotini. Huyo ndiye Udadisi. Akamshika mkono, akampandisha hadi mahali ambapo pasi haijafika, kwenye ukoo wa maji yanayozunguka. Mzunguko mkubwa uliwagawia wanawe nguvu, wanawe wakawagawia wajukuu, mpaka vitukuu wasioonekana walipomfikia Bibi Mnato, aliyezipokea nguvu zote mapajani akazigeuza joto. Sikudhani alisahau hofu yake. Alitamani kuwajua wote mmoja mmoja.

"Maji yanayopanda yana mwendo gani wa kwenda mbele?" Udadisi aliuliza.

"Wa polepole, mama."

"Na yanayoshuka?"

"Yanakwenda mbele mbio. Si kila mara, lakini mara nyingi."

"Wewe uliijumlisha miruko yao mmoja mmoja. Izidishe kwanza miwili miwili, mruko wa mbele kwa mruko wa juu, ndipo ujumlishe."

Akazinduka shavu limelowa. Saa nane na nusu! Alifungua pipa la taka la kompyuta, akarudisha namba zote, akazidisha kila mruko wa mbele kwa mruko wa juu wa wakati huohuo, akatafuta wastani. Haukuwa sifuri. Wala haukuikaribia. Miruko aliyoitupa ndiyo iliyoubeba wino hadi chini. Sikudhani alicheka peke yake huku machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo, Daktari," alisema saa tisa. "Data zangu nilizipiga pasi. Hizi ndizo zenyewe, chafu."

Dkt. Lyatuu alivaa miwani, akaitazama mistari ya grafu iliyorukaruka, kisha akavuta kiti cha pili.

"Marahaba. Kaa. Anza na zile ulizokuwa umezitupa."