Mbegu Sita Kwenye Ncha ya Leso

Mimi Mbula ni mwepesi wa hasira, na sifichi. Miaka thelathini na mmoja nilifundisha darasa la nne hapa Nyeri, na wanafunzi wangu wa zamani, wengine sasa wana vitambi na magari, bado hutupa sigara chini wakiniona barabarani. Kwa hivyo pilipili zangu kumi na nne zilipoanza kuugua mwezi wa nne, sikuhitaji kuambiwa mkosaji ni nani. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa ng'ambo ya ua, ameshika beseni.

Huyo ni Mama Muchiri, jina lake Wakiuru, jirani yangu hapa mtaa wa Skuta na mjane kama mimi. Ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na maziwa yake nilikuwa nimeyanywa miaka tisa. Kila jioni humwaga maji ya vyombo kando ya ua, na maji hayo huteremka kwangu. Nilipoona majani ya pilipili yana mabaka ya njano na matunda yanatoka yamepinda, nikasema ni sabuni. Sikuuliza swali. Nilisimama uani nikamwambia, mbele ya wapita njia, kwamba ameniua.

"Ati mimi?" akasema. "Mwalimu, hiyo maji nimemwaga hapo tangu tujuane. Si hata sukuma yangu ingekauka?"

Mboga zake za sukuma wiki zilikuwa zimenawiri kweli, na hilo lilinikera zaidi. Nikamwambia abaki na maziwa yake. Tangu siku hiyo sikumsalimia tena, nyumbani wala kanisani. Yeye aliendelea kunisalimia kila asubuhi, nami nikaendelea kutazama mbele.

Mtu atauliza, pilipili ni nini hata watu wazima wavunjiane heshima? Hizi hazikuwa za sokoni. Zilikuwa za mama yangu wa Mwala, Ukambani: ndogo, ncha zimeelekea juu, zambarau kabla ya kuiva ziwe nyekundu, na ukali wake huja polepole, kama mgeni anayebisha hodi kwanza. Mama alifariki miaka miwili iliyopita, na ndugu yangu akazing'oa zote akajenga banda la kuku. Sijaziona kwingine kokote. Mimi nilirithi vitu viwili: mbegu zilizofungwa kwenye ncha ya leso yake, na kitu kingine ambacho nitakitaja nikifika kwake, maana wakati huo nilidhani hakuna aliyekijua.

Mama naye alikuwa na vituko vyake. Hakuwahi kugusa mche wa pilipili. Alisimama kando na fimbo akituelekeza sisi watoto: huu pandeni hapa, ule ng'oeni, zile chumeni. Tukimuuliza kwa nini hafanyi mwenyewe, alisema, "Mikono yangu si ya pilipili." Tulikuwa tukicheka sana wenyewe kwa wenyewe, kwamba mvivu hakosi sababu.

Basi nilimwita Seth, afisa wa kilimo, kijana mstaarabu kutoka Vihiga anayeimba besi kwenye kwaya yetu. Nilitaka anithibitishie habari ya sabuni ili nikamkomeshe yule mama. Seth aliinama, akageuza jani moja, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii si sabuni. Hii ni batobato. Ni virusi." Akainuka akijipangusa magoti. "Kuna mtu hapa anatumia tumbaku? Sigara, ama ugoro? Hizi virusi zinakaa sana kwa tumbaku, halafu zinatembea na vidole."

"Katika nyumba hii?" nikamuuliza, kwa sauti ile ya darasani.

"Pole, Mwalimu. Ni swali tu ya kazi."

Akasema basi huenda ililetwa na wadudu. Dawa haipo, ni kung'oa yote na kuchoma. Nilichoma pilipili za mama yangu siku ya Jumamosi, na nililia, wala moshi haukuwa sababu. Kwenye leso zilikuwa zimebaki mbegu kumi na mbili. Seth alinishauri nipande nusu, na nipande ndani ya nyumba: nizioshe mbegu kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, iliyopunguzwa na maji, niukaange udongo, dirisha niliwekee neti, na mtu yeyote asiingie kuzishikashika.

Je, nilienda kumwomba Mama Muchiri msamaha? Sikwenda. Kusema kweli, nilikuwa nimeizoea ile hasira, na kuishusha kulihitaji moyo ambao sikuwa nao.

Nilipanda mwezi wa saba, na anayeijua Nyeri ya mwezi wa saba atanihurumia. Ukungu unakaa hadi saa sita mchana na watu wanavaa sweta mbili, lakini mbegu ya pilipili inataka joto. Nikatoboa vikombe vya yogati kwa msumari uliopashwa moto. Udongo niliukaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka nyumba nzima ikanuka shamba linaloungua. Nilipopapasa kila mahali nikitafuta joto, nikagundua kwamba mahali pa moto kuliko pote ni juu ya king'amuzi cha televisheni. Vikombe nikavipanga hapo. Televisheni ikawa inawaka kutwa, nami nikajua habari za bunge kuliko wabunge wenyewe.

Siku ya saba kimya. Siku ya tisa kimya. Siku ya kumi na mbili, kijani kidogo kikainua shingo. Niliimba pambio peke yangu sebuleni. Zilitoka tano kati ya sita, nikazihamishia dirishani, na kila siku saa kumi, baada ya chai, nilizitembelea. Niliyapangusa majani yake moja moja kwa kidole na kuyasemesha Kikamba.

Wiki ya sita nikaona baka la njano. Nikavaa miwani. Kesho yake mche wa pili ulikuwa nalo, na kabla wiki haijaisha miche yote mitano ilikuwa na mabaka.

Nilikaa kwenye kochi nikaitazama ile neti. Haikuwa na tundu hata moja. Sabuni ya Mama Muchiri haikuwa imefika hapo, wala mdudu. Nyumbani mwangu kulikuwa na mtu mmoja tu. Nikaitazama mikono yake. Kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa na rangi ya kahawia kwenye ncha, na vimekuwa hivyo kwa miaka arobaini.

Basi nimefika. Kitu cha pili nilichorithi kwa mama ni kikopo cha ugoro. Yeye ndiye aliyenionjesha nikiwa msichana, na alipofariki nikachukua kikopo chake. Mimi, mwalimu niliyewacharaza watoto wa watu kwa kisa cha sigara, mwenye kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, kila siku saa kumi nilifunga mlango nikavuta ugoro wangu, kisha nikaenda kuzipapasa pilipili. Mama hakujua virusi, hakusoma hata darasa moja, lakini alijua mikono yake inaziumiza, akaiweka mbali. Alituambia. Sisi tukacheka.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Miche mitano nikaichoma kwenye jiko. Zikabaki mbegu sita, na baada ya hizo hapakuwa na nyingine duniani nilizozijua mimi. Nikampigia Seth simu.

"Seth, tuseme mtu anatumia ugoro..."

Akajibu kwa adabu zake zote. "Huyo mtu aoshe mikono na maziwa, Mwalimu, kabla ya kugusa kitu. Maziwa hivi hivi, isiongezwe maji. Inasaidia kushika hiyo virusi. Lakini kama imebaki mbegu chache, heri ziguswe na mtu mwingine kabisa."

Maziwa ya pakiti yamejaa dukani. Ningeweza kununua, nikanawa, nikapanda mwenyewe, na siri yangu ingeshuka nami kaburini. Nilichukua hata kikapu. Lakini sikuviamini tena vidole vyangu, na mbegu zilikuwa sita tu. Nilikuwa langoni, nimeshika komeo, niliposikia sauti ile ile.

"Umeamkaje, Mwalimu?"

Miezi mitano nilikuwa sijaijibu. Nikageuka.

"Nimeamka vibaya, Mama Muchiri," nikasema. "Nilikukosea. Pilipili hazikuuawa na maji yako. Niliziua mimi, kwa ugoro. Natumia ugoro. Niliwatukana watu... nilikutukana wewe bure. Nisamehe."

Alitua mtungi wake wa maziwa chini. Nilidhani atashangaa. Badala yake alikunja mikono kifuani.

"Hiyo ugoro mimi najua tangu mwaka ya kwanza. Saa kumi ikifika unapiga chafya tatu, halafu unasema 'Asante Yesu.' Hata ng'ombe yangu imezoea."

"Na hukumwambia mtu?"

"Kwani ni pua yangu?" Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini Mwalimu, uliniaibisha mbele ya watu. Watoto wa barabarani wakasikia. Hiyo iliniuma sana, na bado inaniuma."

Nilisema tena, nisamehe. Yeye akaokota mtungi.

"Nimesikia. Sasa hizo mbegu ziko wapi?"

Tuliingia ndani. Nilimweleza habari ya maziwa, akadhani namtania. Huyu ni mtu aliyezaliwa Mukurweini, ambako tone la maziwa likimwagika watu hulitazama kwa huzuni. Alimimina kikombe kizima kwenye beseni, akatumbukiza mikono, akafumba macho.

"Mama yangu akifufuka leo anikute naosha mikono na maziwa," akasema, "atarudi kaburini mwenyewe bila kusindikizwa."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Sikuwa nimecheka tangu mwezi wa nne. Kisha akafungua leso, akaziosha zile mbegu kwa jiki nilivyomwelekeza, akazipanda moja moja, nami nimesimama hatua tatu nyuma. Nilikuwa nimeshika mwiko bila kujua, nikimwonyesha nao: hii weka hapo, ile usiizamishe sana. Nikajiona. Nilikuwa nimesimama vile vile alivyosimama mama, na nikamkumbuka kwa uchungu na kwa furaha kwa pamoja.

Kikopo nilimkabidhi yeye. Nikikitaka, sharti niende nikabishe mlango wake, niombe kama mtu mzima. Sijaacha, sitakudanganya. Lakini kubisha mlango kuna kazi yake, na siku nyingi uvivu hushinda hamu.

Zilichipua nne. Mama Muchiri alikuwa anakuja kila asubuhi na maziwa, mengine ya chai na nusu kikombe cha kuoshea mikono, akazihamisha, akazifungia vijiti, akazipangusa majani. Mimi nilitazama tu na kutoa amri. Wiki ya sita sikulala vizuri. Asubuhi yake nikavaa miwani, nikakagua kila jani juu na chini bila kugusa. Yalikuwa kijani kitupu.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata tunda la kwanza likawa jekundu. Jioni hiyo nilimwambia alichume, alile yeye. Watu wa Nyeri na pilipili hawajuani. Chumvi ikizidi kidogo kwenye irio, chakula chao cha kupondwa, wanalalamika. Alilitazama lile tunda, akanitazama mimi, akaling'ata nusu.

Kwanza akatafuna taratibu. "Kwani ni tamu tu," akasema. Kisha ukali ukabisha hodi. Machozi yakamtoka, pua ikamtoka, akazunguka meza mara mbili akimwita Mungu kwa Kikuyu. Nikamletea maziwa ya kunywa. Alipotulia, akazitoa mbegu za ile nusu iliyobaki, akazikusanya kiganjani, akazihesabu kwa kidole.

"Kumi na tisa," akasema. "Ingine nitapanda kwangu, karibu na ile sukuma. Hii ya kwako ikikufa tena, yangu itakuwa iko. Lete leso."

Nilileta leso ya mama, nikaifungua ncha, nikanyoosha mkono kuzipokea. Mama Muchiri akafumba kiganja chake, akakirudisha nyuma.

"Mwalimu, leo saa kumi ulikuja kwangu kuchukua kile kikopo. Umeosha mikono?"

Nikaenda jikoni kumimina maziwa.